Kongamano la ratiba, mkutano huria au kambi ya jukwaa: mwanablogu aende wapi?

Mwanablogu anayeweza kuhudhuria mkusanyiko mmoja tu kwa mwaka hukabiliwa na uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, kwa sababu jina “mkutano wa wanablogu” limefunika mambo matatu yasiyofanana kwa muundo wala kwa matunda. Nimehudhuria yote matatu, mengine zaidi ya mara moja, na wengi niliowaona wakirudi mikono mitupu walikuwa wamekwenda kwenye mkutano mzuri kabisa, ila haukuwa na dawa ya haja iliyowatoa nyumbani. Ulinganisho huu unakusudia kumsaidia msomaji aitambue kwanza haja yake, kisha aipeleke mahali inapoweza kutimizwa.

Aina ya kwanza ni kongamano la ratiba. Wazungumzaji huteuliwa miezi kadhaa kabla, mada huchapishwa mapema, na wahudhuriaji huketi wakisikiliza. BlogHer, lililoanzishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya wanawake wanaoblogu, na re:publica, ambalo limekuwa likifanyika Berlin tangu 2007, ni mifano inayojulikana. Aina ya pili ni mkutano huria, ambao hauna ratiba mpaka asubuhi ya siku yenyewe, pale waliofika wanapoiandika wenyewe ukutani. BarCamp ya kwanza, iliyofanyika Palo Alto mnamo Agosti 2005, iliandaliwa kwa muda usiofika wiki moja, ikiwa jibu kwa mkusanyiko wa Foo Camp ambao mtu hakuweza kuingia bila mwaliko. Aina ya tatu ni kambi ya jukwaa, yaani mkutano wa watu wanaotumia programu moja ya kublogu. Mfano ulioenea zaidi ni WordCamp, iliyoanza San Francisco mwaka 2006, miaka mitatu baada ya WordPress, programu ya kublogu inayowakutanisha wahudhuriaji wake, kutolewa kwa umma.

Mvutano kati ya kusikiliza na kusema ni wa tangu mwanzo kabisa. Mwaka 2003, Dave Winer, mmoja wa wanablogu wa mwanzo, alipoandaa mkutano wa wanablogu wa BloggerCon katika Chuo Kikuu cha Harvard, wazo lililojengeka katika mikutano hiyo lilikuwa kwamba ukumbi mzima ndio jopo, na anayesimama mbele ni kiongozi wa mjadala tu. Kila aina ninayoieleza hapa imejibu swali hilohilo kwa namna yake.

Vigezo

Nitazipima aina hizi tatu kwa mambo matano: utakachojifunza, watu utakaokutana nao, nafasi yako ya kusema, gharama ya fedha na nguvu, na kitakachobaki mikononi mwako baada ya wiki kadhaa. Kabla ya kuendelea, ningemwomba msomaji aandike sentensi moja tu inayoanza na maneno “Nataka kurudi nikiwa...”. Anayemalizia na “nimeelewa” ana njia yake, anayemalizia na “nimewajua” ana nyingine, na anayemalizia na “nimethubutu” ana ya tatu. Asiyeweza kuimaliza sentensi hiyo asikate tiketi bado.

Utakachojifunza

Nguvu ya kongamano la ratiba ni maandalizi. Mzungumzaji ameifanyia kazi mada yake kwa wiki nyingi, amepanga mifano, na pengine amekwisha kuitoa mahali pengine akaona inapokwama. Mambo yanayohitaji mpangilio, kama hakimiliki za picha, namna injini za utafutaji zinavyousoma ukurasa, au taratibu za kutangaza kwamba makala imelipiwa na mfadhili, hufundishwa vizuri zaidi hapa kuliko mahali pengine. Udhaifu wake ni kwamba mada hulenga msikilizaji wa katikati, kwa hiyo anayeanza huachwa nyuma na aliyebobea husubiri jambo jipya mpaka dakika ya mwisho. Ushauri wangu ni kuwa mwangalifu na majopo. Jopo la watu watano lenye dakika 45, ukiondoa dakika 5 za utambulisho na 15 za maswali, humwachia kila mtu dakika 5 tu, na katika dakika 5 hata mtaalamu hutoa vichwa vya habari vya anachokijua. Penye uchaguzi kati ya jopo la watu mashuhuri na warsha ya mtu mmoja asiyejulikana, mimi huenda kwenye warsha.

Mkutano huria hauwezi kukuahidi mada yoyote, kwa kuwa mafunzo yake hutegemea nani amefika. Wazo lake lina historia inayoeleza mengi: Harrison Owen aliandaa kongamano kubwa kwa juhudi nyingi, kisha akaambiwa kwamba sehemu bora ilikuwa mapumziko ya kahawa, mwaka 1985 akajaribu kuandaa mkutano ulio mapumziko matupu, akauita nafasi wazi. Kanuni yake inayokumbukwa zaidi ni ile ya miguu miwili: ukijikuta hujifunzi wala huchangii, inuka uende penye faida. Katika ukumbi wa kongamano, kuondoka katikati ya mada huonekana kama dharau. Katika mkutano huria ni adabu, na anayebaki kwa haya tu huwapunguzia wenzake nafasi. Udhaifu wake ni kwamba kikao kilichoitishwa na mtu mwenye swali kinaweza kumalizika swali likiwa palepale.

Kambi ya jukwaa hufundisha kwa mikono. Katika nyingi huwa na meza ya msaada, ambapo wajitoleaji huketi na yeyote aliyekuja na tatizo. Niliwahi kumtazama mama mmoja ambaye ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa ukichelewa kufunguka. Aliweka kompyuta mezani, na kijana aliyekuwa upande wa pili hakuigusa kibodi hata mara moja. Alimwelekeza kwanza atengeneze nakala ya tovuti, kisha kwenye nakala hiyo azime programu-jalizi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye tovuti, moja baada ya nyingine, kila mara akifungua ukurasa upya. Ilipozimwa ya nne, ukurasa ukafunguka papo hapo. Mama yule aliondoka na tatizo lililotatuliwa, na zaidi ya hapo aliondoka na njia ya kutafuta tatizo lijalo akiwa peke yake. Hata hivyo, anayetumia jukwaa tofauti, au ambaye shida yake ni uandishi wenyewe, atakuta sehemu kubwa ya ratiba ya kambi haimhusu.

Watu utakaokutana nao

Kongamano la ratiba huwaleta watu wengi na wenye majina, lakini wingi huo hudanganya. Mada ikiisha, watu thelathini humzunguka mzungumzaji, na kila mmoja hupata nusu dakika. Nimejifunza kugeuka upande wa pili na kuzungumza na aliyeketi kiti cha karibu, ambaye amechagua mada ileile niliyoichagua na hana foleni. Wapo pia wanaosimama ukutani wakati wa chai kwa sababu kila duara limefungwa. Eric Holscher alipendekeza kanuni inayoitwa ya Pac-Man: kundi linaposimama kuzungumza liache pengo la mtu mmoja, kama mdomo wa kikatuni kile cha mchezo wa kompyuta, na anapoingia mgeni kundi lisogee lifungue pengo jingine. Kama umekwisha kuwa ndani ya duara, kulifungua ni kazi yako.

Katika mkutano huria utakutana na wachache, lakini utakuwa umekaa nao saa nzima katika duara moja ukisikia wanavyofikiri, na mtu uliyepingana naye kwa heshima kuhusu jambo mnalolijali wote wawili hamsahauliani upesi.

Kambi ya jukwaa huwa na mchanganyiko wa kipekee: waandishi, wabunifu wa kurasa, watunzi wa programu na wenye biashara ndogo, wengi wao wakiwa wamezoeana kwa kuwa hukutana mara kwa mara nje ya kambi. Kwa mgeni, kuzoeana huko kunaweza kuwa ukuta. Kinachoupunguza ni siku ya uchangiaji, yaani siku ya kuifanyia kazi programu yenyewe kwa kujitolea, ambayo kambi nyingi huiweka kabla au baada ya siku ya mada. Watu hugawanyika katika meza za tafsiri, za nyaraka, za msaada na za msimbo, na kazi iliyo mezani huwa ndiyo mazungumzo. Anayeona haya kuanza maongezi hahitaji kutafuta la kusema pale ambapo wote wanatafuta neno linalofaa kwa kitufe kimoja.

Lipo jambo linalozihusu aina zote. Mtandao wa Global Voices, ulioanzishwa mwaka 2004, umewakutanisha waandishi na wafasiri wake katika miji mbalimbali, ikiwemo Delhi mwaka 2006, Budapest 2008, Santiago 2010 na Nairobi 2012. Watu wa mtandao wa namna hiyo huwa wamesomana na kuhaririana kwa muda mrefu kabla ya kupeana mkono. Asiye na mtandao kama huo anaweza kujijengea mdogo: mwezi mmoja kabla ya safari, asome makala za watu watatu watakaokuwepo, awaandikie maoni ya maana, na awaambie kwa barua fupi kwamba angependa kuketi nao kwa robo saa.

Nafasi yako ya kusema

Kwenye kongamano la ratiba mlango ni mwembamba. Wito wa mapendekezo hutoka mapema, wanaotuma ni wengi na wanaochaguliwa ni wachache, kwa hiyo mlango huo humfaa mwenye mada iliyokwisha kukomaa. Wengine wote wana nafasi ya swali, na swali zuri lina sentensi moja au mbili, bila hotuba ya kulitangulia.

Katika mkutano huria mlango uko wazi, na ndipo penye mtihani. Asubuhi ukutani huwa kumechorwa jedwali, safu za juu zikiwa na majina ya vyumba na za pembeni saa, na visanduku vyote vikiwa vitupu. Mwezeshaji huweka mezani rundo la karatasi na kalamu nene, kisha hunyamaza. Kwa dakika moja au mbili hakuna anayetikisika. Halafu mtu mmoja huinuka, huandika, huitaja mada yake kwa sauti na kuibandika. Baada yake huja wawili, kisha foleni. Desturi ya BarCamp ilisema kwamba anayehudhuria kwa mara ya kwanza lazima awasilishe, na ingawa si kila mahali wanaoishikilia, naiona kuwa desturi ya busara kwa sababu humwondolea mgeni mzigo wa kujiuliza kama anastahili.

Siri iko kwenye maneno ya karatasi ile. Siku moja nilisimama kando ya ukuta nikatazama karatasi mbili zilizopangiwa saa moja. Ya kwanza iliandikwa “Uhariri”. Ya pili iliandikwa “Nina rasimu 40 sijazichapisha: nizifanyeje?” Kwenye ya kwanza walikwenda watu watatu, wakakaa wakisubiri kufundishwa; kwenye ya pili viti havikutosha, kwa kuwa kila mmoja aliyepita aliziona rasimu zake mwenyewe. Mwenye karatasi hiyo hakuwa mtaalamu wala hakujidai kuwa. Alifungua kompyuta, akasoma vichwa vya rasimu zake, na wenzake wakamsaidia kutenga zilizokufa, zinazohitaji saa moja tu ya kazi, na zile mbili alizokuwa akiziogopa. Kwa maoni yangu hakuna aina nyingine ya mkutano inayoweza kulizaa tukio la namna hiyo, kwa sababu hakuna kamati ambayo ingeipitisha mada yake miezi sita kabla.

Kambi ya jukwaa iko katikati. Ina ratiba na ina uteuzi, lakini waandaaji wengi huwatafuta kwa makusudi wazungumzaji wapya kutoka miongoni mwa watumiaji wa kawaida, na mada fupi za dakika chache ni hatua nzuri kwa anayetaka kupanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Gharama ya fedha na nguvu

Kongamano la ratiba, hasa lililo kubwa na mbali, ndilo linalodai zaidi: kiingilio, nauli, malazi na siku mbili au tatu za kazi. Mkutano huria mara nyingi ni wa bure au wa mchango mdogo, kwa kuwa ukumbi na chakula hutoka kwa wafadhili. WordCamp huweka tiketi zake kuwa nafuu kwa makusudi. Waandaaji na wazungumzaji hujitolea bila malipo, na wafadhili hubeba sehemu kubwa ya gharama iliyobaki. Mtu asiye na fedha za kiingilio aulize kuhusu kujitolea kwenye meza ya usajili, kazi ambayo humkutanisha na kila anayeingia.

Gharama ya nguvu husahaulika. Kelele na nyuso mpya huchosha, na mtu aliyechoka huwa anahudhuria kwa mwili tu. Ruka kikao kimoja kila nusu siku, utoke nje, ukae kimya. Mwenye ulemavu, au anayesafiri na mtoto mchanga, awaandikie waandaaji mapema kuhusu ngazi, wakalimani wa lugha ya alama, chumba cha utulivu na mahali pa kunyonyeshea. Namna wanavyojibu barua hiyo itamwonyesha kama mkutano umeandaliwa kwa uangalifu.

Kitakachobaki

Makongamano mengi ya ratiba hurekodi mada zake, na WordCamp zina hazina yake ya video, WordPress.tv, iliyopo tangu 2009. Hivyo hakuna haja ya kunakili kila slaidi. Mimi huandika mistari mitatu kila jioni kabla ya kulala: mtu mmoja nitakayemtafuta, neno moja nililolisikia na bado linanisumbua, na kazi moja nitakayoifanya kwenye blogu yangu ndani ya siku saba. Kwa siku mbili za mkutano hiyo ni mistari sita, na karibu yote huwa nimeitekeleza mwezi unapokwisha.

Kambi ya jukwaa huacha pia kazi yenyewe: sentensi uliyoitafsiri au ukurasa wa maelezo ulioufafanua hubaki ukitumiwa na watu usiowajua.

Mkutano huria ndio unaopotea upesi zaidi, kwa kuwa vikao vyake aghalabu havirekodiwi, na hapo mwanablogu anahitajika kuliko mahali pengine popote. Lakini hapo pia ndipo anapoweza kuumiza watu. Yanayosemwa katika duara la watu saba hayakusemwa kwa ulimwengu. Iko kanuni ya taasisi ya Chatham House ya London, ya tangu mwaka 1927, inayoruhusu kutumia kilichosemwa bila kumtaja aliyekisema wala mahali anapofanya kazi. Hata pasipotangazwa, ni mwongozo mzuri. Kabla ya kuchapisha nukuu, muulize mwenyewe. Kabla ya kupiga picha, tazama kama mkutano umeweka rangi tofauti za kamba za vitambulisho kwa wasiotaka kupigwa picha, na kama haukuweka, uliza.

Kulingana na hali yako

Kama blogu yako ina miezi michache na unapambana na mambo ya kiufundi, kambi ya jukwaa unalotumia itakufaa mapema kuliko nyingine. Nenda na kompyuta, neno la siri la tovuti na tatizo moja lililoandikwa wazi. Kama hutumii jukwaa lenye kambi, tafuta mkutano huria mdogo na uliweke tatizo hilo ukutani.

Kama unataka kuelewa eneo moja kwa kina, au mwajiri wako anadai kujua mapema utakachojifunza ndipo alipe, kongamano la ratiba ndilo linaloweza kumwonyesha mada kwa majina na saa. Hilohilo linamfaa anayetafuta wafadhili na wateja, kwa kuwa makampuni hupeleka wawakilishi wake kule kwenye umati.

Kama umeandika kwa miaka na sasa unajirudia, au umeacha kuandika na hujui kwa nini, nenda kwenye mkutano huria, hata kama wazo la kusimama mbele ya ukuta ule linakutia hofu. Mwenye haya nyingi zaidi ya hapo aanze na siku ya uchangiaji au meza ya usajili.

Kama fedha au malezi hayakuruhusu kusafiri, tazama video za kongamano ukiwa na mwenzako mmoja anayeblogu, mkisimamisha kila baada ya dakika kumi kujadiliana, na nafasi yako ya kutoka iwekee mkutano huria wa siku moja ulio karibu nawe.

Na kama umekwisha kupita katika aina zote tatu na mada zimeanza kusikika zilezile, waandikie waandaaji wa mkutano huria ujao uwaombe kazi. Wanahitaji mtu wa kufika saa moja kabla ya wengine, achore jedwali ukutani, aweke karatasi na kalamu mezani, na awe tayari kuinuka wa kwanza endapo ukimya utazidi dakika mbili.